Kadi Mpya kwenye Kompyuta ya Zamani

Radi ilipounguza kadi ya mtandao ya kompyuta ya shule, wenzangu walisikitikia mpira wa Ulaya. Mimi nilimsikitikia dada.

Dada alikuwa ameenda kusoma nje. Jumapili alipiga kwenye simu ya mama, nyumba nzima imekaa kusikiliza, na jirani mmoja mlangoni.

"Ongea basi, mwenzako anaunguza salio," mama aliniambia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mguu umepona?"

"Umepona."

Haukuwa umepona. Lakini ningesemaje mbele ya watu wote wale? Bibi akaichukua simu, akapiga kelele kana kwamba dada yuko ng'ambo ya korongo. Tangu utoto dada ndiye aliyekuwa anasema kwa niaba yangu, hata dukani Dongobesh. Kwa barua pepe tu, kwenye kompyuta ile ya shule, ndipo niliweza kumwambia mambo yangu: kwamba nalala upande wake wa kitanda, kwamba darasani napita siku nzima bila kufungua mdomo.

Mwalimu wa fizikia alileta kadi mpya kutoka Arusha. Kompyuta haikuitambua. Mfumo wetu ulikuwa wa zamani, na toleo jipya tulipolijaribu halikuwaka, kumbukumbu haikutosha. Akasema basi tutairudisha nyuma draiva, ile programu inayoiendesha kadi, mpaka ikubaliane na kiini cha mfumo wetu. Aliifuata kwa basi hadi Haydom, penye mtandao, akarudi nayo kwenye flashi.

Nilikuwa nashinda chumba cha kompyuta saa ya chakula, kwa hiyo akaniita. "Wewe mkimya, njoo unisomee."

Draiva ilikuwa inaita vitu kwa majina mapya ambayo kiini chetu hakikuyajua. Mimi nikisoma jina lililokataliwa, yeye anatafuta la zamani, anabadilisha. Wenzangu walichungulia dirishani. "Bubu kapata mchumba, kompyuta." Nilikuwa nahesabu moyoni barua zinazonisubiri.

Siku moja taa ya kadi ikawaka kijani. Tukatuma ombi mtandaoni, likaondoka. Jibu lilipoingia tu, kompyuta ikaganda. Tukaizima, tukaiwasha, ikaganda tena palepale.

"Kusema inasema vizuri," mwalimu alisema. "Ikisikia ndiyo inazimia."

"Kama mwalimu wa zamu," mtu akasema dirishani, na mwalimu mwenyewe akacheka.

Lakini hakucheka muda mrefu. Ikishindikana, alisema, kadi inarudi Arusha na basi la Ijumaa, maana mwenye duka aliyempa aijaribu kwanza hatangoja zaidi ya hapo.

Alhamisi tukafungua draiva nyingine, ya kadi nyingine inayokaribiana na hiyo, iliyokuja na mfumo wetu wa zamani. Tukaziweka mbili sambamba, mstari kwa mstari. Mahali pa kupokea, ile ya zamani ilikuwa na mstari mmoja ambao yetu haikuwa nao. Nikaugusa kwa kidole.

Mwalimu akausoma mara mbili. Mstari ule huandika kwenye kila kifurushi, yaani kipande cha ujumbe, kinachoingia jina la kadi iliyokipokea. Kiini cha mifumo mipya, akasema, hujiandikia chenyewe. Hiki cha kwetu kinataka draiva iandike, na isipoandika hakijui kifurushi kimepitia wapi, ndipo kinaanguka.

Nikamkumbuka bibi. Kwake mgeni haingii ndani kabla hajasema ametoka boma la nani, hata awe amevaa tai. Vijana wa siku hizi wanaona ni usumbufu.

Tukaongeza mstari ule. Jibu likaingia, kompyuta ikabaki inaunguruma tu. Mwalimu akanyanyuka, akanipisha kiti, akaenda kusimama nje.

Barua za dada zilikuwa zimejipanga. Nikaanza na ya mwisho.

"Krismasi siji mdogo wangu, bibi usimwambie kwanza. Halafu mbona umenyamaza? Kwenye simu nimekuzoea. Hata huku?"

Nilikuwa nimeweka mambo mengi ya kumwambia, tangu siku ya radi. Yote yakanipotea. Nilitazama herufi mpaka kengele ya vipindi vya mchana ikagongwa, ndipo nikaandika.

"Shikamoo dada. Mguu haujapona."