Nimesahau Jibu Mbele ya Padre

Wenzangu wa darasa la nne, leo nimeaibika! Nabandika habari hii ukutani kabla hamjaisikia kwa katekista.

Mnajua nilivyokariri katekisimu. Nimekariri nikitwanga, nimekariri nikichota maji, mpaka mama akasema, "Sasa hata kuku wetu wanastahili ubatizo."

Basi leo, kwenye mtihani wa ubatizo, Padre akaniuliza swali la kwanza kabisa: "Imani ni nini?"

Kichwa kitupu!

Katekista akakunja uso. Nikajua ubatizo wa Jumapili umenipita.

"Padre, jibu limenitoka," nikasema huku nalia. "Lakini Mungu namwamini, hata sasa hivi."

"Na imani hiyo uliikariri wapi?"

"Sikuikariri, Padre. Nimepewa tu na Mungu."

Akacheka. "Hilo ndilo jibu, binti. Keti."

Jumapili nabatizwa! Njoni nyote kanisani Temeke. Kuku watabaki nyumbani.