Kamera Iliyogeuka Peke Yake

Ningali naikumbuka alasiri moja, mwanangu. Wewe uliyeleta hilo boksi la kamera hapa mezani ili nikupongeze, kaa kwanza unisikilize. Utacheka useme si mambo ya zamani sana. Kweli, lakini mvi zangu za kwanza zilitoka wiki ile.

Nilikuwa mke kijana, tukiishi Kimanga kwa wazazi wa mume wangu. Baba mkwe aliugua, tukamhamishia kitanda sebuleni, na sisi tulishinda sokoni. Ndipo shemeji yangu Bahati akaleta kamera ya kichwa cha mviringo, inayogeuka na kupitisha sauti. Aliiunganisha na ruta kwa simu yake, na ilipomwomba neno la siri akaweka lilelile la Wi-Fi: jina la baba, ili tusilisahau. Tulifurahi mno. Ukiwa sokoni unafungua simu, unamwambia, "Baba, maji iko pembeni ya kitanda."

Mzee akafariki. Unajua matanga yetu: turubai uani, watu wa vijiji vya Runingu na Lubarika wanalala kwetu, na aliyekuja kulia nawe humnyimi kitu. Humnyimi mkeka, humnyimi chumvi, na siku hizi humnyimi Wi-Fi. Vijana walipouliza, Bahati alisimama katikati ya turubai akalitaja neno kwa sauti. Akalirudia hata kwa mjomba mmoja mwenye simu ya vitufe, maskini. Hakuna aliyeshtuka.

Matanga yakaisha, wageni wakarudi kwao. Mume wangu na Bahati wakaenda Runingu kuangalia mpunga, nikabaki na mama mkwe. Alasiri hiyo nilikuwa sebuleni nabadilisha kitenge, nikasikia mlio mdogo ukutani. Kamera, ambayo tulikuwa tumeiacha palepale, ilikuwa imegeuka, inanitazama. Nikasogea kuelekea jikoni. Ikanifuata.

Nikampigia mume wangu. "Ni weye unageuza kamera?"

"Miye? Niko mu mashamba. Na simu ya Bahati ilizimika."

Kabla sijajibu, sauti ya mwanaume ikatoka kwenye kamera, taratibu, yenye heshima zote: "Mama Neema, leo muko babili tu mu nyumba?"

Mama Neema ndiye mama mkwe wangu. Niliogopa kuliko siku za vita tulipolala chini kwa sababu ya risasi, maana yule alikuwa ndani ya nyumba yetu, anajua jina, anajua tuko wawili tu.

Mama mkwe akainuka mkekani, akachomoa waya wa kamera, kisha wa ruta, akavifunga vyote ndani ya kitenge. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mulango ya inje munaifunga na kufuli mbili. Hii muliifungulia kila muntu. Nani aliwaambia mu kilio tunapana hata macho ya nyumba?"

Tulilala kwa jirani. Bahati aliporudi akatueleza: aliyeingia kwenye Wi-Fi yetu aliiona kamera, akajaribu neno lilelile, ikafunguka, na akishaiweka kwenye simu yake anaweza kututazama hata akiwa kwao. Ni nani? Hatukujua kamwe. Hakuna aliyekuja kuvunja mlango. Lakini alikula kwenye sahani zetu, akalia nasi. Hadi leo, nikitoka kanisani, watu wa matanga yale wananipa mkono, "Jambo, mama," nami naitafuta sauti ile kwa kila mmoja.

Kwa hiyo funga kamera yako ukutani, mwanangu, sikukatazi. Iangalie lango, isiangalie kitanda wala mahali mnapovua nguo. Kabla ya yote, badilisha neno la siri ambalo kamera ilikuja nalo kutoka dukani, na jipya lisifanane na la Wi-Fi. Wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni, ruta nyingi zina nafasi hiyo, na hakuna atakayesema umemnyima. Mtu akikuomba neno la kamera, hata kama analia, mpe chai.

Mungu akulinde, wewe na wote watakaolala nyumbani mwako. Na kila sauti itakayokuita jina ndani ya nyumba hiyo, akujalie ugeuke uone uso wa anayekuita.