Asubuhi Tatu Nilizoandika "Sawa"

Kazi ya kupima nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu na kitabu kisicho na jalada nilichonunua sokoni Garissa. Sina cheti. Kontrakta wa daraja jipya la chuma aliponichukua nimsaidie mhandisi, nilianza kuogopa siku ileile kwamba mtu ataniuliza nilisomea wapi.

Hofu hiyo ilinifanya nikague kila kitu mara tatu. Vyuma vya daraja vilikuwa vinatengenezwa mbali, matundu ya bolti yameshatobolewa, kwa hiyo misingi ya nguzo ilipaswa kukaa mahali pake hasa. Tulipima kutoka kwenye kigingi cha chuma kilichogongomewa karibu na maji. Kila asubuhi nilipaswa kukilinganisha na alama kuu iliyojengewa zege kule juu, kando ya ofisi, kisha niandike "sawa" kitabuni. Mimi nililinganisha asubuhi, saa nne, na tena baada ya chakula.

"Profesa, kigingi kimelala salama?" msimamizi wa mafundi aliniuliza mbele ya watu. "Kimeshakunywa chai?"

Walicheka. Nikacheka nao. Tangu hapo niliona haya kupanda na kushuka ukingo na chombo changu cha kupimia wakinitazama. Asubuhi iliyofuata sikupima. Lakini nafasi tupu kwenye ukurasa ilinikera kuliko ninavyoweza kueleza. Mwandiko wangu ni mzuri, safu zangu zimenyooka. Nikaandika "sawa", na tarakimu za kubuni zilizokaribiana na za jana yake ili zionekane za kweli. Nilifanya hivyo asubuhi tatu.

Siku ya nne zege lilitarajiwa kumwagwa baada ya adhuhuri. Kabla sijafungua kitabu, mama mmoja mfugaji aliyezoea kunywesha ngamia wake pale chini aliniita. Alijua Kisomali changu ni cha kubahatisha, akanisemesha Kiswahili, akiniita ndugu kwa lugha yake.

"Walaal, ile chuma yako juzi nilitoa, nikafunga mtoto ya ngamia, mama yake akunywe maji. Lakini nilirudisha bale bale. Kitu ya mtu siwezi haribu."

Alinionyesha hata jiwe alilokigongea mpaka kikakaa imara. Nilimshukuru.

Nikapima. Kigingi kilikuwa kimesogea upana wa vidole vitatu, na mbao za kumwagia zege la msingi, zilizopangwa jana yake, zilikuwa zimepimwa kukifuata.

Nilikaa juu ya rundo la kokoto. Sitaficha, nilifikiria kunyamaza. Zege likishakauka, kosa lingeonekana baada ya miezi, vyuma vikifika na matundu yakakataa kukutana, na nani angenikumbuka? Mwishowe nilikwenda na nusu ya ukweli. Nilimwambia mhandisi kwamba mfugaji ameng'oa kigingi na kukirudisha pasipo pake.

Akapiga simu kusimamisha zege, kisha akafungua kitabu changu.

"Aling'oa lini?"

"Juzi."

"Na jana umeandika sawa." Alipitisha kidole kwenye safu. "Kijana, ulipima?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mama yule angebeba lawama yote, na pengine wafugaji wangefukuzwa pale majini.

"Sikupima. Hizo tarakimu nimezibuni. Zote tatu."

Hakufoka. Alinipa kalamu. "Usifute kitu. Andika ukweli pembeni."

Niliandika "sikupima" mara tatu, herufi zikapanda nje ya mstari. Hadi leo ninauona ukurasa ule. Alikifunga kitabu, akakiweka upande wake wa meza.

"Ngoja nje. Nitakuita."

Nilishuka kwanza hadi chini; mafundi walikuwa wanabomoa mbao walizozipanga siku nzima. Msimamizi alinipita bila kunitania. Mama alikuwa bado na ngamia wake, anatazama.

"Nilirudisha fibaya?"

"Hapana, eeddo," nilimjibu, kama tunavyowaita shangazi hapa kwetu. "Kukagua ilikuwa kazi yangu."

Akakusanya kamba yake. "Sasa nifunge wapi?"

Nilimwonyesha mgunga mmoja mbali na vigingi, nikamsaidia kufunga yule mtoto wa ngamia. Kisha nikarudi kusimama mlangoni pa ofisi. Alasiri iliadhiniwa nikiwa palepale, sijaitwa.