Shamba la Kuazima

Tangu mama mkwe wake ashuke garimoshi, Demetria alikuwa hakai. Akikaa, ananyanyuka, akinyanyuka, anasahau alichonyanyukia. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwogesha Romani asubuhi, akamwogesha tena kabla hajakauka vizuri. Mumewe Revelian, karani wa forodhani, alipomwuliza kama anaumwa, alimjibu kwamba anaumwa na maswali. Sasa wewe ukimwona mwanamke wa namna hiyo, usikimbilie kumcheka. Uliza kwanza anaogopa nini.

Demetria alikuwa anaogopa kunyang'anywa mtoto.

Ma Kokushubila, mama yake Revelian, alikuwa ametoka Bukoba kwa meli ya ziwani hadi Mwanza, kisha garimoshi mpaka Dar es Salaam, na hakuja kusalimia. Alikuja kumchukua mjukuu. Kwao ndivyo ilivyo: mtoto wa kwanza akishaachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake, akulie kwenye kibanja, lile shamba la migomba la ukoo, ajue jembe, ajue ng'ombe, ajue alikotoka. Revelian alilelewa hivyo hivyo, na alipokwenda likizo alimwahidi mama yake mtoto huyo kwa mdomo mpana, utadhani anaahidi kuku. Mke hakuulizwa. Wanaume bwana!

Na hilo si lote. Romani alipozaliwa, hapo hapo Temeke walipokaa, Revelian aliagiza kwamba kitovu kikidondoka kiwekwe kwenye kopo, kisubiri safari ya Bukoba, kikazikwe kibanjani walikozikwa vitovu vya babu zake. Alipokwisha kuagiza, akaenda zake Tanga kikazi. Kitovu kikadondoka, Demetria akakitia koponi, akakiweka sandukuni, na panya wakaanza kukwaruza lile sanduku. Jamani, mzazi mchanga, peke yake, mtaa mgeni, halafu panya wanataka kitovu cha mwanawe! Zubeida, mke wa Hashil mwenye duka, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyemwambia aache kulia afanye kazi. Alimletea mche wa mgomba, wakakizika kitovu pamoja uani, pale maji ya bafu yanapotokea, wakapanda mgomba juu yake. Koponi wakatia kipande cha tangawizi kavu ili mwenye kutikisa asikie kitu. Revelian aliporudi alitikisa, akasikia, akaridhika.

Tangu hapo Demetria aliutunza ule mgomba. Kila jioni alikwenda na Romani kuutilia maji, akafagia chini yake, akauzungushia majivu kama alivyoona kwao utotoni. Mgomba ukazaa wana, ukawa kichaka. Revelian, mtu wa karatasi, hata siku moja hakuuliza umetoka wapi.

Lakini Ma Kokushubila si mtu wa karatasi. Siku ile ile aliyofika, vumbi la safari bado liko miguuni, aliulizia kopo. Alisema atalibeba mwenyewe mkononi, na mwenye kitovu chake atambeba mgongoni. Demetria akajibu kwamba ufunguo wa sanduku umepotea. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la khanga aliyovaa, na kila alipotembea ulimgonga gonga gotini ukimkumbusha uwongo wake.

Wazo la shamba lilimjia akifua nepi. Kabla ya kuolewa, Demetria alikuwa yaya kule Oysterbay kwa Wazungu, na mtoto wa memsahibu alipotimiza miaka miwili, uani kwao paliletwa shamba zima: kondoo, sungura, bata, farasi mdogo, na majani makavu yametandazwa kila mahali. Mtoto wa mjini naye aonje shamba, ndivyo memsahibu alivyosema. Wakati ule Demetria alicheka mpaka akajificha jikoni. Sasa hakuona cha kuchekesha. Romani alikuwa anatimiza miaka miwili Jumamosi ile. Kama kosa la Temeke ni kwamba haina shamba, basi bibi yake atalikuta shamba mlangoni, na atakosa la kusema.

Revelian hakuelewa. Kwao, alisema, Mkristo husherehekea siku ya somo wake, yule mtakatifu aliyepewa jina lake, na hayo ya siku ya kuzaliwa ni mambo ya Kizungu. Ma Kokushubila naye alishangaa: siku ya kuzaliwa asherehekewe mtoto kwa lipi, wakati aliyefanya kazi siku hiyo ni mama yake? Zubeida peke yake ndiye aliyeona jambo. Akaiita maulidi ya Romani, akajifunga khanga kiunoni, akaingia kazini.

Wiki ile Demetria alizunguka mpaka kandambili zikakatika. Mbuzi waliazimwa kwa Hashil, ambaye alikubali kwa sababu mkewe alimkazia macho. Bata walitoka kwa Zubeida. Ng'ombe alitoka kwa muuza maziwa wa Keko, mtu mzito wa maneno, aliyeapa kwamba mnyama wake hajawahi kualikwa mahali popote. Ikabaki migomba. Kile kichaka cha uani Demetria hakuthubutu kukionyesha, maana mwanamke wa Bukoba akiona mgomba uliofagiliwa chini na kuzungushiwa majivu, hahitaji kuambiwa kuna nini pale. Akaagiza migomba ya kukatwa kutoka Chanika, ikaja kwenye mkokoteni, akaichomeka mchangani mbele ya nyumba mstari kwa mstari. Kichaka chenyewe akakizibia kwa makuti, na alipoulizwa akasema ni kwa ajili ya mbuzi.

Bado hakutulia. Bata aliwahamishia kushoto, akawarudisha kulia. Alitandaza majani, akayazoa, akayatandaza tena. Zubeida akamwambia, "Shoga, hata shamba la kweli halina shughuli hivi." Demetria alitaka kucheka, machozi ndiyo yakamtoka.

Jumamosi mchana kila kitu kilikuwa mahali pake. Ma Kokushubila aliketi kwenye kiti cha mwanawe, gauni lake la kanisani limenyooka, na mkononi ana kifurushi cha senene, wale panzi wa Bukoba, wa kukaanga, alichomletea mjukuu. Alitazama migomba, akatazama bata. Demetria alimtazama yeye. Watoto wa majirani walijaa, Romani akavishwa kofia ya ukindu, na Revelian akaanza kuona fahari kama vile shauri lilikuwa lake.

Ng'ombe akaletwa. Alikuwa ng'ombe mzuri, mweusi, ana baka jeupe ubavuni, na watoto wote walinyamaza alipopita getini. Ma Kokushubila akainuka kitini. Kwa mara ya kwanza tangu afike, uso wake ulilainika. Alimnyanyua Romani, akamsogeza karibu na pua ya mnyama, akamwuliza kwa upole huyo ni nani.

Romani akamtazama ng'ombe juu hadi chini. Akacheka, akanyoosha kidole.

"Buzi kubwa," akasema.

Watoto wakaangua kicheko. Ma Kokushubila hakucheka. Alimshusha mtoto polepole, akarudi kukaa. Demetria angetaka kueleza kwamba mtoto wa miaka miwili hata baba yake humwita mama, lakini nani angesikiliza? Tena wakati huo huo mbuzi mmoja wa Hashil alikuwa amekata kamba. Akaenda moja kwa moja kwenye migomba ya Chanika, akauma jani, akavuta. Mgomba ukaanguka mzima mzima. Ukaanguka wa pili. Ukalala chini na kitako chake kilichokatwa kwa panga, cheupe, hakina mzizi hata mmoja.

Ma Kokushubila akausogelea, akaugeuza kwa mguu.

"Revelian," alisema, "hili ndilo shamba la mwanao? Jumatatu tunaondoka. Vunja hilo sanduku, unipe kopo."

Revelian hakubisha. Alikuwa mtoto mwema kwa mama yake, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Alichukua nyundo akaingia ndani. Demetria akamfuata mbio, akamshika mkono, akamwambia asivunje, ufunguo huu hapa, lakini asilifungue, amsikilize kwanza. Fundo la khanga likamshinda kufungua. Nyundo ikapiga kufuli. Revelian akalitoa kopo, akalitikisa kama kawaida yake, akaridhika kama kawaida yake, akatoka nalo nje. Demetria alibaki amesimama mbele ya sanduku lililo wazi, hajui aende wapi.

Hapo sauti ya Zubeida ikatoka nje, anauliza mtoto yuko wapi.

Alikuwa haonekani. Hayuko kwa bata, hayuko kwa mbuzi, hayuko chini ya meza ya visheti. Mwenye ng'ombe alikagua chini ya ng'ombe wake. Geti lilikuwa wazi tangu mnyama alipoingia, na barabara ya Kilwa haiko mbali. Demetria alikimbilia getini, akarudi, akakimbilia dukani kwa Hashil, akarudi. Watu wakatawanyika kila upande. Ma Kokushubila peke yake ndiye aliyesimama akasikiliza, kisha akaenda kwenye yale makuti ya nyuma, akayang'oa kwa mikono miwili.

Romani alikuwa amechuchumaa chini ya mgomba. Kofia imemwangukia machoni, na kikombe cha sharubati kiko mkononi. Anaimwaga kidogo kidogo kwenye shina, kwa uangalifu, hataki ivuke mstari wa majivu. Midomo yake ilikuwa inasema yale ambayo mama yake husema kila jioni.

"Nywa. Kua. Nywa. Kua."

Demetria alifika hapo akihema. Akamwona mwanawe, kisha akamwona mama mkwe wake anavyotazama chini: udongo uliofagiliwa, duara la majivu, kichaka chenye wana wake. Hakukuwa na la kuficha tena. Revelian naye akatokea na kopo lake, amelifungua ampe mama yake, na harufu ya tangawizi ikamfikia kila mtu. Akakishika kile kipande baina ya vidole viwili. Hakuwahi kuonekana mjinga namna ile, na namwonea huruma hadi leo.

"Ni mie, mama," Demetria alisema. "Nimekizika mie. Panya wangekichukua, na baba yake hayupo."

Ma Kokushubila alipiga goti, akatia mkono kwenye udongo, akaufinyanga. Akapapasa shina. Akabandua jani lililonyauka kwa namna ya mtu aliyebandua majani hayo maisha yake yote. Kisha akasema bila kugeuka, "Leteni jembe."

Mtu akalileta. Demetria alipoliona lile jembe mkononi mwa yule mama, woga wote wa wiki nzima ulimwisha, ikabaki hasira. Alikwenda akasimama mbele ya mgomba, mikono ameitanua, heshima ya ukwe ameiacha huko huko sandukuni.

"Mama, shikamoo yako iko pale pale. Lakini ukiung'oa mgomba huu, ung'oe na mie."

Hata Hashil, aliyekuja kudai mbuzi wake, alisimama.

"Nani kasema naung'oa?" Ma Kokushubila aliuliza, na sauti yake haikuwa ile aliyokuja nayo. "Kitovu hakihamishwi. Mtoto kwao ni hapa, umeshapafanya kwao, na mie nimechelewa. Sogea. Umebana miche, hujui kupunguza."

Akainama. Akachimba pembeni, taratibu, mahali ambapo jembe lisingegusa kilicholala chini, akatoa mche mmoja pamoja na mizizi yake. Jasho lilikuwa linamtiririka, na si jasho peke yake. Demetria aliona. Wiki nzima alikuwa amempigania mtoto na mwanamke huyu, na hakuwahi kufikiri kwamba naye amekuja kupigania kitu. Aliona aibu, akapiga magoti akamsaidia kuufungia ule mche kwenye gunia bichi.

Jumatatu wakamsindikiza stesheni. Gunia lilikuwa mapajani mwa Ma Kokushubila, jani moja limechungulia nje, na abiria wenzake wa Kihaya walikuwa hoi kwa kicheko. Bibi mzima anapeleka mgomba Bukoba! Tena wa Kipwani, ambao huko kwao hata mbuzi hawautaki! Mzee mmoja alimwuliza kama ziwani samaki wameisha, apeleke na samaki.

Ma Kokushubila alilisogeza gunia karibu na kifua, mbali na upepo wa dirisha. Chini, kwenye jukwaa la stesheni, Demetria alikuwa amembeba Romani, mzito, ana usingizi, amemkumbatia mama yake shingoni.

"Si mgomba," yule mama alimwambia mzee. "Nampeleka mjukuu wangu nyumbani."

Garimoshi likaondoka. Demetria hakupunga mkono, kwa sababu yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.