Siku Niliyomshika Mama Mkwe Mkono

Watu walinionya mengi kuhusu kuacha sigara: utanenepa, utakuwa mkali, utakosa usingizi. Hakuna aliyeniambia kwamba pua itafufuka. Nilikuwa nimevuta tangu nilipoanza kazi ya gereji, nikaacha mke wangu alipokaribia kujifungua kwa sababu sikutaka mtoto apokelewe na moshi. Kufikia siku aliporudi naye nyumbani kwetu Lemara, nilikuwa nanusa kama mbwa. Nilisikia nguruwe wa jirani. Nilisikia soksi zangu mwenyewe. Nilisikia dagaa waliofungwa kwenye mfuko ulio ndani ya mfuko mwingine, na kila nilichokisikia nilikisema.

"Afadhali ungeendelea kuvuta," mke wangu aliniambia akiwa amechoka. "Ulikuwa mtulivu."

Mama yake alikuwa ameshuka kutoka shambani kwake, juu huko Meru kwenye kahawa na migomba, kuja kumlea mzazi. Kazi yake ilikuwa kupika mtori wa ndizi na uji, na hakutaka msaada wa mtu. Mimi na yeye tuliheshimiana kwa mbali. Hatukuwahi kushikana hata mikono. Ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Nilimwamkia nikiwa mlangoni, naye aliitikia marahaba akiangalia pembeni. Akiwa na neno la kuniambia alilipitishia kwa binti yake: mwambie mwenzio chakula kipo. Yeye akiwa jikoni, mimi sikukanyaga humo.

Shida ni kwamba jiko letu ni la gesi, na mama alizoea kuni. Kiwashio cha jiko kilikuwa kibovu, kinashika siku kinapotaka. Tulimwonyesha namna ya kutumia kiberiti, akasema ameelewa, na mimi nikaamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Jumamosi moja mchana nilikuwa uani nafua nepi. Mke na mtoto walikuwa wamelala chumba kinachopakana na jiko, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai. Zamani, muda kama ule, ningekuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na sigara yangu. Niliinama kukamua nepi, nikasikia harufu inatoka chini ya mlango huo. Haikuwa nguruwe wala soksi. Ilikuwa gesi, na ilikuwa nyingi.

Nikausukuma mlango. Ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani. Kupitia kioo cha dirisha nikamwona mama mkwe anaingia kutoka sebuleni, kiberiti mkononi.

Niligonga kioo kwa nguvu. "Mama, usiwashe. Gesi iko wazi."

Aligeuka, akaniona, akageuza uso upesi kama adabu inavyotaka. Nadhani kioo kilimeza maneno yangu. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na malalamiko yangu wiki nzima, "Ni dagaa, baba. Nitawatoa nje."

Akaanza kufungua kiberiti, na mimi nikakimbia. Nilizunguka nyumba, nikapita tangi la maji na banda la kuku, nikaingia mlango wa mbele bila hodi. Enzi zangu za kuvuta, kupanda tu kutoka barabarani hadi getini kulinisimamisha nikohoe nimeshika ukuta. Siku ile sikukohoa. Pumzi sikuikumbuka kabisa. Nilichokiwaza ni kile chumba, na watu wawili waliolala ndani yake.

Njiti ya kwanza ilikuwa imekatika. Ya pili alikuwa ameshaiweka ubavuni mwa kiberiti. Nilimkamata mkono mzima, kwa nguvu, na alitoa mguno wa mtu aliyevunjiwa heshima, lakini sikumwachia. Kwa mkono mwingine nilifunga jiko, nikafunga mtungi, nikang'oa komeo na kumtoa mama mkwe wangu nje kanga ikimdondoka begani. Kisha nikarudi ndani kuwabeba wengine.

Tulikaa uani, milango na madirisha yote wazi. Mama ndiye aliyemweleza binti yake. Alifungua jiko, likagoma, akaenda kutafuta kiberiti kwenye mkoba wake. Mtoto akalia, yeye akaingia chumbani kumbembeleza ili mama yake asiamke, na mtoto alipotulia ndipo akarudi jikoni. Kwake kuni zisiposhika unaziacha tu, hazina madhara. Alisimulia polepole, akijipapasa pale nilipomshika.

"Hukusikia harufu, mama?" mke wangu akamuuliza.

"Nisikie na nini?" Aligusa pua yake. "Hii nimeilisha ugoro tangu sijaolewa. Hata mtori ukiungua, najua nikiona moshi."

Hakuna aliyecheka. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, hajui lolote. Tangu niache sigara sikuwahi kuitamani kama dakika ile. Kama angetokea mtu na moja, ningeivuta mbele yao wote.

"Nisamehe, mama," nilisema nikiangalia chini. "Nimekushika."

Aliponijibu hakulipitisha neno kwa binti yake. Aliniangalia usoni.

"Baba, ulianzaje kuacha?"

Nilitamani kuwa na jibu la maana. Nikamwambia ukweli, kwamba bado naanza kila asubuhi, na kwamba hata sasa hivi sijiamini.

Akafikiri kidogo. Akamrudishia mke wangu mtoto, akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa kikopo cha ugoro. Hakukiweka chini ili nikiokote. Alikitia kiganjani mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake.

Harufu ya tumbaku ilinipanda mpaka machozi yakanilenga. Nikasimama, nikaenda kukimwaga chooni kabla sijabadili mawazo.