Alama Nyekundu ya Lubondja

Mama yangu mdogo aliugua kipindupindu ufukweni mwa mji wa Baraka, hatua chache kutoka mahali alipochota maji, na akafia Baraka. Katika ramani ya ofisi ya afya, ugonjwa wake uko Lubondja, kijiji cha milimani ambacho alikuwa hajakikanyaga kwa miaka.

Familia yetu ilishuka kutoka Lubondja wakati milio ya risasi ilipokaribia mashamba. Tulipanga vyumba vya udongo karibu na ziwa: mama, mdogo wake, mimi na wanangu, pamoja na majirani wengi wa kijiji kilekile. Mimi nilipata kazi redioni, ya kukusanya habari za mji. Mama mdogo alianika ndagala mchangani akauza sokoni, na kila nilipopita alikuwa na neno la kunichokoza.

“Mutu ya radio, unajuaka habari ya dunia yote, ila nani alikula samaki yangu hujui.”

“Ni paka, mama mudogo.”

“Paka ya kuvaa viatu.”

Mgonjwa akifikishwa kituoni huulizwa anakaa wapi, ili ofisi ijue ugonjwa umezuka upande gani na maji ya nani yatiwe dawa. Watu wetu hujibu Lubondja. Hawadanganyi. Kwetu, mtu hukaa pale makaburi ya baba zake yalipo; kwingine analala tu. Na ukisema unakaa Baraka, umekubali kwamba hutarudi. Mama ndiye aliyempeleka mdogo wake kituoni, amemshika kiunoni, macho ya mgonjwa yameshazama. Mama anasema “Lubondja” ndilo neno la mwisho mdogo wake alilolitamka vizuri.

Tulimzika Baraka upesi, bila kumwosha, kama ugonjwa ule unavyolazimisha. Siku hizo barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa.

Baadaye redio ilinituma kwenye mkutano wa ofisi ya afya. Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani. Mlima wa Lubondja umejaa alama nyekundu, zimebanana kama upele. Mtaa wetu wa ufukweni, ambako nilikuwa nimehesabu matanga nyumba kwa nyumba, ulikuwa mweupe. Kwa kuifuata ramani hiyo, klore ya kutibu maji ilikuwa imepelekwa Lubondja kwa pikipiki mara tu njia ilipofunguka, pamoja na watu wa kusimama mahali pa kuchotea maji na kutia dawa kwa bomba la sindano katika kila bido, yaani dumu la maji. Huko waliwakuta wazee wachache waliokataa kukimbia, wanaokunywa maji ya chemchemi, wala hakuna anayeharisha. Walikaa, wakasalimiana, wakarudi na madumu ya dawa yakiwa hayajapungua sana.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata mtu wa takwimu, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Nilimweleza watu wa kwetu wanavyojibu. Aligeukia ramani.

“Kule Lusenda, mu kambi ya wakimbizi ya inchi ingine, hawatuchanganyaka hivi,” alisema. “Nyumba ya mukimbizi iko na numero, mugonjwa akianguka, alama inaanguka na yeye pale pale. Nyinyi muko wakimbizi mu inchi yenu. Hamuna numero.”

“Basi hamisha alama, muganga.”

“Kwa kusikia tu, siwezi. Mwenye alimuleta mugonjwa akuje mwenyewe, aseme alikuwa analala wapi. Familia zikikuja, ramani itabadilika, na klore itashuka ufukweni. Bakubwa bangu banaaminiaka ramani, habaamini mimi.”

Mtaani kwetu mama ndiye mkubwa kuliko wote walioshuka. Nilipoenda kwa majirani, kila mmoja aliniambia jambo lilelile: mama yako akitangulia, tutafuata. Nilimkuta uani akimenya mihogo.

“Mama, ni kusema tu. Mama mudogo alikuwa analala hapa.”

“Kulala, ndiyo. Nani anabisha?”

“Basi twende useme kule bureau.”

Kisu hakikusimama. “Na nikishasema, kule Lubondja watamutosha, watamufuta?”

“Alama itakuja huku.”

“Mudogo wangu tulimulalisha mu muchanga ya wenyewe. Kumunawisha, hapana. Kumulilia karibu, hapana. Sasa unaniambia kuko pahali moja alifika nyumbani, ni kwenye ile karatasi yenu ya ukuta. Ndiyo miye niende nimushushe tena?”

Nilimwambia watoto wa majirani wanakunywa maji yale.

“Najua. Na mi nakunywa ile ile.”

Aliutupa muhogo ndani ya beseni, akachukua mwingine. Akaniuliza, bila kuinua macho:

“Ile alama yake, iko upande ya muto ao upande ya kanisa?”

“Sikuangalia, mama.”

“Uangalie.”

Nilirudi ofisini kuangalia. Ramani ile haina mto wa kwetu wala kanisa. Alama zote za kijiji zimerundikwa mahali pamoja, nyingine juu ya nyingine, na hata mtu wa takwimu mwenyewe hawezi kusema ipi ni ya mama mdogo. Hilo sijamwambia mama.

Nimemletea vidonge vya kutibu maji. Anawatilia wajukuu kwenye bido lao. Lake haliguswi, anasema vinaharibu ladha. Majirani wamepita mara kadhaa kumuuliza tunaenda lini, na anawajibu kwamba bado anafikiri. Mvua zimeanza, na maji ya vichochoro vyote vya mtaa yanateremkia ziwani, pale tunapochota. Ufukweni bado hakuna mtu wa klore.