Gunia la Duka la Pili

Shemeji yangu, mjane wa kaka, ameoka mikate tangu enzi meno yangu yote yakiwa kinywani. Unga alinunua kwenye maduka mawili yanayotazamana, la Kipara na la Mfupi, watu wasiopeana hata salamu. Akienda kwa Kipara, alibeba gunia tupu lenye alama ya Mfupi. Akienda kwa Mfupi, alibeba la Kipara.  Alilikung'uta tu mbele ya kaunta.

"Huyo mwizi kakuuzia bei gani?" Kipara aliuliza.

"Kamuulize mwenyewe."

Kipara alikuwa radhi afe kuliko kuvuka barabara kuuliza. Basi alipunguza bei, na mkate wa shemeji ukabaki mkubwa, mtoto akiubeba kwa mikono miwili.

Siku hizi wenye maduka ya unga wana kundi lao kwenye simu. Kila asubuhi wanaambiana bei. Mjukuu wangu anasema ndiyo maendeleo, habari ziko wazi. Wazi kwa nani?

Juzi nilimsindikiza shemeji. Akalikung'uta gunia la Mfupi. Kipara akacheka, akatugeuzia simu.

"Mama, bei ya Mfupi ni hii hii. Kanitumia alfajiri, na salamu juu."

"Si mlikuwa hamsemezani?"

"Ujinga wa ujana, mama."

Tulifundishwa kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Hawa walipopatana ndipo tulipoumia.

Jioni akaja uani mwoka mikate wa mtaa wa pili.

"Dada, na sisi tufungue kundi letu. Tupandishe bei siku moja, sote. Mteja atakimbilia wapi?"

Shemeji aliendelea kukanda. "Alichonifanyia Kipara ndicho unataka nikawafanyie majirani zangu?"

"Basi utafunga tanuri, dada."

"Huenda."

 Nami nilijua mwoka mikate mwenzake hakudanganya.

Asubuhi mikate ilitoka midogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Shemeji hakumficha mtu. "Unga umepanda bei, nimepunguza mkate. Kaangalie na mtaa wa pili. Ukipata mkubwa kuliko huu kwa bei hii, chukua."

Wengine walikwenda kweli, na nikadhani ndiyo basi. Kisha mama mmoja akarudi na mfuko mtupu wa yule mwoka mikate wa mtaa wa pili. Akaukung'uta juu ya meza.

Shemeji akautazama mfuko, akamtazama mwenyewe, akauma mdomo asicheke. Halafu akakata nusu mkate, akamwongezea.